Je, Saa ya Mkononi Yaweza Kuwa Mwalimu wa Mbio?

Wahenga walituachia neno: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Neno hilo sisi walimu wa Kiswahili hulifundisha kila mwaka, na aghalabu tunapolifafanua darasani hatuulizi mkuu ni nani. Twachukulia kwamba ajulikana: ni mzazi, ni mwalimu, ni mzee wa kijiji, ni yule aliyetangulia kuliona jua. Lakini katika miaka hii ametokea mkuu wa namna nyingine, na makao yake ni kifundo cha mkono. Atazamaye barabara za Kampala, Jinja au Mbale alfajiri, kabla magari hayajawa mengi, atawaona wakimbiaji, vijana kwa wazee, wakiinua mkono kila baada ya hatua kadhaa ili kuitazama saa. Saa hiyo haiwaambii wakati tu. Huwaambia: ongeza mwendo, punguza mwendo, moyo wako wapiga kupita kiasi, leo usikimbie, pumzika. Nao wengi wao hutii.

Insha hii yakusudia kuuliza swali moja. Je, yafaa mtu kukikabidhi chombo uamuzi juu ya mwili wake mwenyewe, na chombo hicho chastahili jina la mwalimu? Swali hili si la wanariadha peke yao. Leo chombo humwambia mkimbiaji mwendo wa kwenda. Kesho kitamwambia mwanafunzi ukurasa wa kusoma, na mwalimu makosa ya kusahihisha. Kwa hakika kesho hiyo imekwisha kuanza. Kwa hiyo tukiupima vyema mfano wa mbio, ambao ni mwepesi kuonekana kwa macho, tutakuwa tumejiandaa kwa mifano mingine iliyo migumu zaidi.

Chombo chenyewe na kazi zake

Si vizuri kukihukumu kitu kabla ya kukijua. Hamu ya mkimbiaji ya kujipima haikuanza leo. Paavo Nurmi wa Finland, aliyetwaa medali tano za dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, alizoea kukimbia akiwa ameishika saa kiganjani na kuitazama mzunguko baada ya mzunguko. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kijichombo cha kuhesabu hatua, ikakipa jina lenye maana ya kipimo cha hatua 10,000. Idadi hiyo haikutoka katika uchunguzi wa madaktari. Ilikuwa jina la biashara lililopendeza masikioni. Hata hivyo, hadi leo wako watu wengi wanaoiona siku yao kuwa imepotea iwapo wamefikisha hatua 9,000 tu. Nasi tuushike mfano huo mapema: jina la biashara limegeuka kuwa sheria ya maisha, na hakuna aliyeitunga sheria hiyo kwa makusudi.

Katika Finland hiyo hiyo, kampuni ya Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya: mkanda kifuani, saa mkononi. Mwaka 2003 kampuni ya Garmin ya Marekani ilitoa saa ya wakimbiaji yenye kupokea ishara za setilaiti. Kisha zikaja simu za kisasa na programu zake, hata leo mtu mwenye simu ya bei ya kadiri aweza kupata ratiba ya mazoezi ya miezi minne bila kuonana na kocha yeyote.

Setilaiti hizo huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,000 hivi. Saa hupokea ishara za setilaiti zisizopungua nne, hupima muda ambao kila ishara imetumia safarini, na kutokana na muda huo hutambua mahali ilipo. Ikijua ulipokuwa na ulipo sasa, huijua kasi yako. Ama kuhusu moyo, upande wa chini wa saa mna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza nuru ya kijani. Moyo unapopiga na kusukuma damu zaidi mkononi, nuru inayorudi hupungua kidogo, na saa huhesabu kupungua huko. Ni ubunifu wa kustaajabisha, wala hatutakuwa waungwana tukiubeza.

Lakini mwenye kufikiri ataona kwamba saa hufanya kazi tatu zilizo mbali mbali, ingawa husema kwa sauti moja. Ya kwanza ni kupima. Ya pili ni kukisia. Ya tatu ni kuamuru.

Katika kupima, saa hukaribia ukweli, japo hukosea: kati ya majengo marefu na chini ya miti mikubwa ishara hupotoka, na mkanda ukilegea nuru huvuja na hesabu ya mapigo huharibika. Makosa ya namna hiyo hayatutishi sana, kwa kuwa kila kipimo kina makosa yake.

Katika kukisia, mambo hubadilika. Kanuni iliyoenea kuliko zote husema: chukua 220, toa umri wako, na baki ndiyo idadi ya juu kabisa ya mapigo ambayo moyo wako waweza kupiga kwa dakika. Kanuni hiyo ilitokea Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa makisio ya jumla. Mwaka 2001 watafiti wengine walipendekeza kanuni ya pili: zidisha umri kwa 0.7, kisha toa jibu katika 208. Kwa mtu wa miaka 40 kanuni zote mbili hutoa 180. Lakini kwa mtu wa miaka 60 ya kwanza hutoa 160 na ya pili 166. Kwa kijana wa miaka 20 ya kwanza hutoa 200 na ya pili 194. Zaidi ya hayo, kanuni zote mbili husema habari za wastani tu. Watu wawili waliozaliwa siku moja waweza kutofautiana kwa mapigo kumi au zaidi, na wote wawili wakawa wazima wa afya. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na moyo nao ndivyo ulivyo. Chombo kisichokujua hukuhesabu kana kwamba wewe ndiwe wastani, na wastani ni mtu ambaye hakuzaliwa na mwanamke yeyote.

Kazi ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi. Kutoka katika neno "moyo wako wapiga mara 170" hadi neno "punguza mwendo" pana hatua ndefu kuliko inavyodhaniwa. Neno la kwanza hueleza yaliyopo; neno la pili huagiza yanayopasa. Yaliyopo hupimwa. Yanayopasa hutegemea makusudi: wakimbia kwa nini, unajiandaa kwa lipi, uko tayari kupoteza nini ili upate nini. Mambo hayo hayamo katika damu wala katika nuru ya kijani. Saa inapoamuru, imekwisha kukuchagulia makusudi bila ya kukuuliza, au imekuuliza mara moja tu, siku uliyoinunua, kwa kukutaka ubonyeze jibu moja kati ya majibu manne.

Hoja za wanaokitetea

Wako wanaokitetea chombo hiki, na hoja zao si nyepesi. Hapana budi tuzisikilize kwa haki.

Hoja ya kwanza ni kwamba wakimbiaji wengi hawana mwalimu. Makocha waliosomea kazi hiyo ni wachache, nao hukaa mahali penye viwanja na fedha. Karani wa ofisi mwenye miaka arobaini na mitano, aliyeambiwa na daktari apunguze uzito, atampata wapi kocha? Kwake yeye chaguo si kati ya saa na mwalimu. Ni kati ya saa na kubahatisha.

Hoja ya pili ni kwamba mganga hajigangi. Tunasema mkimbiaji ausikilize mwili wake, lakini mwili nao hudanganya. Kijana husikia nguvu nyingi katika kilomita ya kwanza, akaitumia yote, kisha katika kilomita ya nane akatembea kwa miguu huku wazee wakimpita. Kiburi nacho humwambia mtu kuwa hajachoka ilhali amechoka. Saa haina kiburi wala haipendi kushangiliwa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi. Wako makocha waliowadhulumu vijana waliokabidhiwa kwao, hasa wasichana. Saa haimdhulumu msichana, haimtukani, haimtaki rushwa ya mwili wake ili impe nafasi katika timu. Mwenye kuusifu ualimu wa binadamu bila kulikumbuka jambo hili hasemi kweli yote.

Hoja ya nne hutolewa kwa mifano ya mabingwa. Tarehe 7 Oktoba 2020, huko Valencia nchini Hispania, ndugu yetu Joshua Cheptegei, mwana wa nchi ya Wasebei chini ya Mlima Elgon, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11, akaivunja rekodi ya Kenenisa Bekele wa Ethiopia iliyokuwapo tangu mwaka 2005. Kando ya njia yake palikuwa na taa zilizowaka kwa kufuatana, zikienda kwa kasi iliyopangwa, ili mkimbiaji aone kama yuko mbele ya rekodi au nyuma yake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge wa Kenya alikimbia masafa ya marathoni mjini Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, huku gari likimulika barabarani mistari ya nuru ya kuwaonyesha mwendo wenzake waliomsindikiza. Mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, lakini dunia nzima iliziona. Wanaokitetea chombo huuliza: ikiwa mabingwa wenyewe huongozwa na vyombo, sisi ni nani tukatae?

Mfano huo wa mabingwa, tukiutazama vizuri, hausemi wanavyodhani. Taa za Valencia hazikumwambia Cheptegei akimbie kwa kasi gani. Yeye na waliomwandaa ndio walioziambia taa ziende kwa kasi gani. Walikuwa wameijua miguu yake kwa miaka, wakaijua hali ya siku ile, wakachagua. Kisha taa zikayashika maneno yao na kuyarudia bila kusahau. Kipchoge naye, mwanafunzi wa siku nyingi wa Patrick Sang, hakuwa mtumwa wa mistari ya nuru. Mistari ilikuwa mtumishi wa makubaliano ya watu. Kwa mabingwa hao chombo hukumbusha uamuzi uliokwisha kufanywa na wenye ujuzi. Kwa karani wetu chombo chafanya uamuzi wenyewe. Ni mambo mawili mbali mbali.

Mwalimu huona nini?

Tuseme sasa juu ya mwalimu. Katika mji wa Iten nchini Kenya, ulio kwenye kimo cha mita 2,400 hivi juu ya bahari, alifika mwaka 1976 mtawa mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, aje kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake wakikimbia, mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Walimu wa lugha na wa jiografia tusijidharau: macho yenye subira ni chombo pia.

Mwalimu huona nini ambacho saa haikioni? Tuchukue mapigo 170. Saa huona 170 na kusema: umezidi. Lakini 170 hizo zaweza kuwa za joto la adhuhuri. Zaweza kuwa za hofu, kwa kuwa mashindano ni kesho. Zaweza kuwa za homa inayoanza, au za mtu aliyelala na njaa. Zaweza kuwa za msichana aliyepata habari asubuhi hiyo kwamba mamake amelazwa hospitalini. Idadi ni moja, maana ni tano, na kila maana yadai jibu lake: huyu apewe maji, huyu atulizwe moyo, huyu apelekwe zahanati, huyu apewe uji, na huyu wa mwisho asiambiwe neno lolote juu ya mbio, bali apewe ruhusa aende kumwona mamake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Saa imelala juu ya ngozi ya mtu usiku na mchana, lakini kitandani mwake haijalala hata siku moja.

Mwalimu mmoja ninayemfahamu, mtu wa makamo, alikuwa akijiandaa kwa mbio za kilomita 21. Siku moja aliamka viungo vikimuuma. Saa yake ikamwambia kuwa amepumzika vya kutosha na kwamba siku hiyo yafaa kwa zoezi zito. Akakimbia kilomita 15. Usiku homa ikampanda, na asubuhi zahanati ikamkuta na malaria. Hakudhurika sana, Mungu ashukuriwe. Lakini alipokuwa akitusimulia, alirudia sentensi moja: "Viungo viliniuma, lakini saa ilisema niko tayari." Tuitazame sentensi hiyo kama walimu wa sarufi. Katika nusu ya kwanza shahidi ni mwili, katika nusu ya pili shahidi ni saa, na kiungo "lakini" kimempa ushindi shahidi wa pili. Jambo la kuogofya halimo katika kosa la saa. Limo katika "lakini" hiyo.

Na kuna wanaopatwa na kinyume chake. Mtu huamka mchangamfu, kisha huitazama saa. Saa ikimwambia kwamba usingizi wake ulikuwa mbaya, huanza kujisikia mchovu. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza habari za wagonjwa waliofika kwao wakilalamika juu ya usingizi kwa sababu ya takwimu za vyombo vyao. Hapo chombo hakipimi tena hali ya mtu, chaiumba.

Lugha kama kipimo

Yamkini msomaji atauliza: mtu asiye na saa wala kocha ajipime kwa nini? Jibu moja laweza kuwafurahisha walimu wa lugha. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi sana kiitwacho kipimo cha mazungumzo. Mkimbiaji akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo wake ni mwepesi. Akiweza kusema maneno matatu manne kisha avute pumzi, mwendo ni wa bidii. Asipoweza kusema ila neno moja moja, amefika ukingoni. Basi sentensi ya Kiswahili, na kiima chake na kiarifu chake, ni kipimo cha moyo! Mwenzetu anayeweza kutusimulia kisa cha sungura na fisi huku akipanda mlima hahitaji taa ya kijani kumwambia kwamba moyo wake uko salama.

Msweden mmoja, Gunnar Borg, naye alitunga kipimo ambacho mkimbiaji mwenyewe hutaja kwa nambari, kuanzia 6 hadi 20, jinsi anavyousikia ugumu wa kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya, nambari hiyo ikizidishwa kwa kumi hukaribia mapigo yake ya moyo. Kwa hiyo elimu yenyewe haikuidharau hisia ya binadamu. Iliipa kiti mezani. Lakini yataka kufunzwa. Kama vile sikio la mwanafunzi lisivyozaliwa likijua kutofautisha "kaa" na "kaka", ndivyo mwili nao usivyozaliwa ukijua kutofautisha uchovu wa kawaida na uchovu wa hatari. Hufunzwa kwa kurudia, kwa kukosea na kusahihishwa.

Tena kipimo cha mazungumzo kina sifa moja ambayo saa haina: chataka mwenzi. Mtu hazungumzi peke yake barabarani, ila awe ana yake kichwani. Wakimbiaji wa Iten na wa Kapchorwa hukimbia kwa makundi, na ndani ya kundi kila mmoja huisikia pumzi ya mwenziwe. Anayelemewa hujulikana kabla hajasema. Saa humfunga mtu macho yake kwenye kifundo chake mwenyewe. Mazungumzo humfungua kwa wenziwe.

Ni nani atakayejibu?

Tumefika kwenye kiini cha jambo. Tofauti kubwa kati ya saa na mwalimu si ujuzi. Huenda siku moja saa ikajua habari za mwili kuliko kocha yeyote. Tofauti ni wajibu. Mwalimu anapomwambia mwanafunzi "kimbia", amejitia rehani. Mwanafunzi akiumia, mzazi atamjia mwalimu mlangoni. Mwalimu mkuu atamwita ofisini. Na hata wote hao wakinyamaza, usiku dhamiri yake itamwamsha. Saa inapomwambia mtu "kimbia", nani amejitia rehani? Kampuni nyingi huandika, kwa herufi ndogo, kwamba chombo chao si cha kitabibu na kwamba mtumiaji amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi. Amri imetolewa kwa herufi kubwa, na wajibu umekataliwa kwa herufi ndogo.

Hapa ndipo tunapoweza kuijibu ile hoja ya makocha wadhalimu. Ni kweli kwamba binadamu aweza kudhulumu na saa haiwezi. Lakini aweza kudhulumu kwa sababu ile ile aweza kutunza: kwa kuwa amekabidhiwa. Dawa ya mlinzi mbaya ni kumshitaki, kumwondoa, na kuweka kanuni ili watoto wasiachwe peke yao na mtu mmoja. Mtu aweza kuulizwa, aweza kuadhibiwa. Tukimwondoa mtu na kuweka chombo, tumeondoa dhuluma moja, na pamoja nayo tumemwondoa yule ambaye mtoto angeweza kumwendea. Msichana anayelindwa kwa kupewa saa tu hajalindwa. Amepewa upweke wenye betri.

Tumkumbuke pia John Stephen Akhwari wa Tanzania katika marathoni ya Mexico City mwaka 1968. Aliumia gotini njiani, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Programu yoyote ya leo ingemwambia: acha. Na daktari mwema pia huenda angemwambia: acha. Simtaji ili vijana wajifunze kuyadharau maumivu. Mwenye kukimbia juu ya guu bovu katika mazoezi ya Jumanne ni mpumbavu, si shujaa. Namtaja kwa sababu uamuzi wake ulikuwa na sababu ambayo haikuwamo mwilini mwake: alitumwa na nchi yake, naye aliona kwamba aliyetumwa humaliza safari. Alijua atakachokipoteza, akachagua, na jibu lake likawa lake. Huo ndio utu wa mkimbiaji, nao ndio tunaouhofia kuupoteza: si kasi, bali kule kuwa mwenye jibu.

Shahidi, si hakimu

Basi tufanyeje? Kuitupa saa ni kuikosea adabu elimu. Kuitii katika kila jambo ni kujikosea adabu sisi wenyewe. Naona njia ya kati iko wazi: saa iwe shahidi, isiwe hakimu. Shahidi huitwa, huulizwa, husikilizwa kwa makini, na hulinganishwa na mashahidi wengine. Kisha huketi, na mwenye kuhukumu huhukumu.

Jambo hili hatujifunzi leo. Twalifanya kila siku kwa kamusi. Kamusi ni shahidi mwema wa lugha. Lakini mwanafunzi anayeifungua kwa kila neno hasomi hadithi, afukua maneno. Twamfundisha kwanza akisie maana kutokana na sentensi, kisha afungue kamusi aone kama amepata. Baada ya miaka mitatu aifungue mara chache, na kwa sababu nzuri. Mkimbiaji naye afanye hivyo hivyo. Akimbie kilomita moja bila kutazama mkono, akisie dakika alizotumia, kisha aitazame saa. Aseme mwenyewe moyo wake wapiga vipi, kisha aitazame saa. Siku moja kila juma aiache saa nyumbani. Na pindi viungo vinapouma, asimpe saa neno la mwisho.

Hapo ndipo tunapoweza kumtambua mwalimu wa kweli na kumtenga na anayejiita mwalimu. Mwalimu hufundisha ili siku moja asihitajike. Furaha yake ni mwanafunzi anayemwambia, "Mwalimu, sasa nitaweza peke yangu." Programu inayolipiwa kila mwezi haiwezi kuifurahia siku hiyo, siku hiyo kwake ni hasara. Kwa hiyo kila mara tunapoletewa chombo na kuambiwa kwamba kinafundisha, iwe uwanjani au darasani, tusiulize kwanza kinajua mengi kiasi gani. Tuulize: baada ya miaka mitatu, aliyekitumia ataweza nini bila ya chombo hicho? Kama jibu ni "hakuna", basi kimemwongoza mtu, kimemsindikiza, kimemburudisha labda, kumfundisha hakijamfundisha.

Walimu wenzangu, nawaomba swali hili mlipeleke darasani. Mwambieni mwanafunzi aandike insha juu ya ile methali ya guu, na mmwulize waziwazi: katika zama hizi, mkuu ni nani? Baadhi watasema ni mzee, baadhi watasema ni mtaalamu, na bila shaka wako watakaosema ni simu. Wote wasikilizwe. Kwa upande wangu naona kwamba methali haikukusudia yule ajuaye mengi tu. Imekusudia yule ambaye, guu likivunjika, atainama kulifunga, na kesho yake atapiga hodi kuuliza umeamkaje.